Tafuta verbe kwanza

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa Kadutu, Bukavu, mwezi wa Novemba 2024. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wenye hawakufika.

 

Mwenye anazungumuza hapa si avoka. Nilisoma lugha, nikapata diplome ya lisanse, na tangu siku ile ninauza unités za telefone kandokando ya barabara. Mama yangu ananiulizaka: "Mwanangu, ile Kifaransa yote tulikulipia, inakusaidia nini?" Leo nataka kumujibu mbele yenu. Inanisaidia kitu kimoja: ninajua kutafuta verbe ndani ya phrase ndefu. Na mutu mwenye anajua kutafuta verbe, ni nguvu kumudanganya na sheria.

Acha nianze na kasho. Kuna mukamarade wetu mumoja alikamatwa siku ya tano, saa kumi ya mangaribi. Alikuwa anagawa karatasi za kuita watu kwa sit-in juu ya ukosefu wa maji. Siku ya kwanza asubui, sisi watu saba tukaenda kumuuliza pale alifungwa. Yule mukubwa alituangalia, akasema: "Masaa 48 hayajatimia. Siku ya posho na siku ya Mungu hatuzihesabu. Tena dossier yake tumeifungua paka leo." Tulikuwa watu saba, wane kati yetu na diplome za université. Tulinyamaza, tukarudi nyumbani. Mukamarade alitoka siku ya tatu.

Katiba ilikuwa ndani ya telefone yangu. Sikuifungua. Kila mara nilikuwa ninaifungua, nilikuta phrase moja inakula nusu ya écran, nikajiambia: hii ni ya maavoka. Ile haya haijanitoka mupaka leo. Sababu phrase yenye ilikuwa inamutosha mwenzetu siku ile ya kwanza asubui, si ndefu hata kidogo. Iko ndani ya kifungu cha 18. Inasema: "La garde à vue ne peut excéder quarante-huit heures."

Tuifungue pamoja, sawa vile mwalimu wa primaire alitufundisha. Verbe ni gani? "Ne peut excéder": haiwezi kupita. Nini haiwezi kupita? "La garde à vue": kule kumushika mutu. Kupita nini? "Quarante-huit heures": masaa 48. Imekwisha. Sasa mutafute mule ndani neno "dossier". Halimo. Mutafute "siku za kazi". Halimo. Kinachohesabiwa ni masaa, na masaa ya siku ya Mungu ni masaa sawa na mengine. Chenye kinahesabiwa ni kushikwa kwa mutu. Karatasi ya mukubwa haimo ndani ya phrase. Toka siku ya tano saa kumi mupaka siku ya Mungu saa kumi, hesabu imetimia. Sisi tulifika siku ya kwanza asubui. Tulikuwa na haki, na tulikuwa tunaibeba mufukoni.

Njo maana leo sikuje kuwafundisha droit. Nimekuja kuwakumbusha grammaire, ile wenzetu wa Tanzania wanaita sarufi. Kila mutu hapa aliisoma mbele ya TENAFEP. Tuliichukua kama azabu ya masomo, kumbe ni chombo.

Kazi ya kwanza: verbe ni gani? Tuchukue kifungu cha 26, chenye kinatugusa kila wiki. Kinaanza na phrase fupi: uhuru wa kufanya manifestation "est garantie", umehakikishwa. Halafu inakuja phrase ya pili, na pale njo wanatupotezea. Inasema kila manifestation kwenye barabara ao mahali pa wazi inawalazimisha wenye kuitayarisha "d'informer par écrit l'autorité administrative compétente".

Phrase ikiwa ndefu, funika kwa kidole vyote vyenye si mufupa. "Kwenye barabara ao mahali pa wazi": funika. "Compétente": funika kwanza. Kunabaki nini? Manifestation inawalazimisha watayarishaji kujulisha. Verbe ni "informer". Si "demander". Kujulisha si kuomba. Ukimwambia jirani, "Kesho kwetu kuna kilio, watu watakuwa wengi," umemujulisha. Hukumuomba ruhusa ya kulia mufu wako. Kwa hiyo, mukubwa akikuuliza, "Ruhusa yenu iko wapi?", mujibu kwa heshima: "Mukubwa, kifungu cha 26 hakitumii verbe ile. Barua ya kukujulisha ni hii, na accusé de réception ni hii."

Lakini musipige makofi mbio. Sasa muondoe kidole. "Par écrit": kwa maandishi. Je, ile audio tulituma kwa WhatsApp mwaka jana ilikuwa "par écrit"? Hapana. Pale kosa lilikuwa letu. Verbe inatulinda, complément inatufunga, na hauwezi kuchukua moja ukaacha ingine. Na muangalie tena: lazima ya kujulisha iko juu ya nani? "Aux organisateurs". Mama mwenye kuuza ndizi, mwenye alitembea nyuma yetu sababu na yeye hana maji, hakuna phrase ndani ya kifungu kile yenye inamuomba barua.

Kuko wakubwa wenye wanajua ile, na wanatoa karatasi ya zamani: décret-loi ya tarehe 29 Januari 1999 juu ya manifestation na mikutano ya watu wote. Ilikuja miaka saba mbele ya Katiba, yenye ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Wanasema: "Hii haijafutwa." Sawa. Basi tufungue kifungu cha 221. Kinasema maandishi ya mbele yanabaki na nguvu, lakini phrase inaanza na neno la sharti: "Pour autant qu'ils ne soient pas contraires à la présente Constitution." Maana yake, yanabaki kama tu hayapingane na Katiba hii. Mutu mwenye kusoma mbio anaruka ile mwanzo, anasikia paka "restent maintenus". Sharti njo mulango. Kama haukupita kwa mulango, hauko ndani ya nyumba.

Kazi ya pili: verbe ni ya nani? Turudi kwa kifungu cha 18. Kisha yale masaa 48, kinasema mutu "doit être relâchée ou mise à la disposition de l'autorité judiciaire compétente". Aachiliwe, ao apelekwe mbele ya tribinali ao parquet. Ni muzuri. Lakini aachiliwe na nani? Phrase haisemi. Hii njo tunaita passif, na kwa Kiswahili ni ile "w" ndogo: kufunga, kufungwa, kuachilia, kuachiliwa. Ile "w" inaweza kumuficha mutu muzima na kofia yake. "Feza zilitumiwa." Na nani? "Barabara itatengenezwa." Na nani? "Uchunguzi utafanywa." Na nani, na lini?

Wakamarade, komunike zote za inchi hii zimejaa ile "w". Ukiikuta, andika pembeni: NA NANI? Pengine jibu liko kwa kifungu kingine, na lazima uende kulitafuta. Pengine halipo popote. Kama halipo, tena umejifunza kitu: umeona pale wakubwa wanaweza kukimbilia. Siku ile ya kasho, tulipaswa kuuliza: "Ni nani mwenye anapaswa kusaini kuachiliwa kwake, na jina lake ni nani?" Hatukuuliza. Tuliongea na "w".

Kazi ya tatu: maneno madogo. Watu wanaogopa maneno makubwa ya sheria, lakini maneno madogo njo yenye ilitukula zaidi. Nitawapa matatu.

La kwanza ni "simple". Mwaka 2006, kifungu cha 71 kilisema Rais anachaguliwa kwa "majorité absolue". Yaani lazima apite nusu ya kura, na kama hakuna mwenye amepita, turudie duru ya pili. Tarehe 20 Januari 2011 walibadilisha Katiba, na pale wakaandika "majorité simple". Adjectif moja imetoka, ingine imeingia, na duru ya pili imekufa. Mwisho wa mwaka ule, matokeo ya CENI yalimupa Joseph Kabila 48,95%. Mwaka 2018 yakamupa Félix Tshisekedi 38,57%. Kwa adjectif ya 2006, wote wawili wangerudi mbele yetu kutuomba tena kura. Adjectif si mapambo.

La pili ni "jusqu'à", mupaka. Kifungu cha 70 kinasema mandat ni ya miaka mitano, na inarudiliwa mara moja tu. Halafu kinasema: mandat ikiisha, Rais anabaki kwa kazi "jusqu'à l'installation effective du nouveau Président élu", mupaka Rais mupya mwenye kuchaguliwa awekwe kweli. Tarehe 11 Mai 2016, Cour constitutionnelle ilitumia phrase ile, ikasema Rais wa wakati ule anaweza kubaki mupaka mwingine awekwe. Mandat iliisha tarehe 19 Desemba 2016. Kura tulipiga tarehe 30 Desemba 2018. Muhesabu wenyewe: miaka miwili, ndani ya neno "mupaka". Na kati pale, vijana kama sisi walikufa barabarani.

Nitasema kitu chenye pengine hakitawapendeza. Kwa grammaire peke, hatuwezi kusema phrase ile ya kifungu cha 70 inakataza kubaki. Ina mwisho, lakini haina tarehe. Mwenye aliiandika aliogopa inchi ibaki bila mukubwa, akaacha mulango wazi. Lakini grammaire inatuambia pia: usisome phrase moja kama yatima, iko na ndugu zake. Kifungu cha 73 kinasema CENI inaita watu kwa uchaguzi siku 90 mbele mandat ya Rais iishe. Verbe iko, mwenye verbe iko, hesabu ya siku iko. Kwa hiyo "mupaka" ya kifungu cha 70 ilikuwa daraja la siku kidogo, kati ya mwenye kutoka na mwenye kuingia. Haikuwa nyumba ya kulala. Hoja yetu ya mwaka 2016 ilipaswa kusimama juu ya vifungu viwili, si kimoja. Wengi wetu tulipiga kelele na kimoja tu.

La tatu ni "ou", ao. Na hili ni la leo. Tarehe 23 Octoba 2024, kule Kisangani, Rais alitangaza kama kutawekwa komisio ya kufikiri juu ya Katiba mupya. Toka siku ile kila mutu ananena juu ya kifungu cha 220, na wengi hawajakisoma. Kinatisha, sababu phrase yake ya kwanza inaanza na orodha ndefu, na verbe inakuja nyuma kabisa. Basi, ruka orodha. Enda mwisho. "Ne peuvent faire l'objet d'aucune révision constitutionnelle": haviwezi kuguswa na révision hata moja. Sasa rudi nyuma uhesabu vyenye haviwezi kuguswa. Viko sita: inchi kuwa République, kura ya watu wote, serikali yenye kuwakilisha watu, hesabu na urefu wa mandat za Rais, uhuru wa tribinali, wingi wa vyama vya siasa na vya wafanyakazi. Cha ine njo chenye kinafanya watu wasilale.

Phrase ya pili ya kifungu kile inageuza kichwa chini: verbe inatangulia, "est formellement interdite", imekatazwa kabisa. Nini? Kila révision "ayant pour objet ou pour effet" ya kupunguza haki na uhuru wa mutu, ao uwezo wa maprovince na wa entités zake. Muone ile "ou". "Objet" ni kusudi, "effet" ni matokeo. Kama ingekuwa "et", tungepaswa kuonyesha mambo yote mawili. Lakini ni "ou". Kwa hiyo, mukubwa akisema, "Mimi kusudi langu si kuwapunguzia haki," tunamujibu: hata kama kusudi ni safi, tuonyeshe matokeo. Moja tu inatosha.

Na musikilize nom. Kifungu cha 220 kinakataza "révision". Kuko wenye wanasema tayari: "Hatufanyi révision, tunaandika mupya." Wameona kufuli, njo maana wanatafuta jina lingine la mulango. Mutu akibadilisha nom katikati ya mazungumuzo, musimamishe hapohapo: "Ngoja kwanza. Tulikuwa tunasema révision, sasa umesema changement. Ni kifungu gani ndani ya Katiba hii kinakupa ile verbe?" Uliza, unyamaze, umuache atafute.

Kazi ya ine, na njo yenye ninaipenda kuliko zote: geuza phrase kwa Kiswahili. Si juu ya kujivuna. Ni juu Kiswahili inakulazimisha kujibu maswali yenye Kifaransa inaruka. Tuchukue kifungu cha 64. Kinasema kila Mukongomani ana devoir ya "faire échec" kwa mutu ao kundi "qui prend le pouvoir par la force ou qui l'exerce en violation" ya Katiba. Ile "l'" ndogo mbele ya "exerce", inarudia nini? Mbele yake kuna "le pouvoir" na kuna "la force". Apostrophe imekula "le" ao "la", hauwezi kuona. Sasa andika kwa Kiswahili: "mwenye kukamata mamlaka kwa nguvu, ao mwenye..." Kuyatumia ao kuitumia? Ukiandika "kuyatumia", umesema mamlaka. Ukiandika "kuitumia", umesema nguvu. Kalamu haiwezi kwenda mbele kama haujachagua, na ukichagua, umesoma. Ni mamlaka, sababu "exercer" inaenda na "pouvoir".

Ninajua, barabarani hapa kwetu tunasema "kuitumia" kwa kila kitu, na "ile" kwa kila kitu. Mimi pia, mumenisikia. Haina ubaya kwa soko. Lakini kwa kusoma sheria, tukumbuke ile Kiswahili ya Biblia na ya masomo, yenye kutunza alama za kila neno.

Na sasa, kisha kujua "l'" ni mamlaka, muone "qui" ziko mbili, na katikati yao "ou". Wa kwanza ni mwenye kuingia kwa nguvu. Wa pili hakuambiwa aliingia namna gani. Pengine aliingia kwa kura safi. Chenye kinamushitaki ni namna anatumia mamlaka. Kifungu cha 64 si cha waasi wa porini peke. Na verbe yetu sisi ni "faire échec", kufanya kazi yake ianguke. Haisemi kupiga, haisemi kuua. Sisi tunaifanya na mikono mitupu, na phrase inatutosha vile iko.

Wakamarade, sitaki murudi nyumbani na uongo. Grammaire haizuie fimbo. Polisi mwenye amepewa amri haulizi sujet na complément. Na hata mbele ya juge, verbe peke haimalizi mambo. Kwa ile tunahitaji maavoka, na tuko nao wenye wanatusaidia bila franga. Lakini kati ya kukamatwa na avoka kufika, kuna lisaa limoja, mawili, siku moja, pale uko peke yako na mukubwa na karatasi yake. Ni kwa ajili ya lisaa lile ninasema.

Ya mwisho. Kifungu cha 142 kinasema sheria ikishatangazwa, Serikali "assure la diffusion", inahakikisha inaenezwa kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha ine za taifa, ndani ya siku 60. Verbe: assure. Mwenye verbe: le Gouvernement. Lugha ine: Kikongo, Lingala, Kiswahili, Tshiluba. Siku: 60. Hakuna "w" ya kujificha pale. Basi munionyeshe ni nani hapa amepata siku moja, ndani ya siku 60, sheria mupya kwa Kiswahili mukononi mwake. Ninaona hakuna mukono. Tutaandika barua kwa jambo lile, na barua itataja verbe na mwenye verbe.

Tukingojea majibu, tuanze wenyewe. Kila mumoja achague kifungu kimoja. Kwa karatasi moja uandike: verbe ni gani, ni ya nani, maneno madogo ni yapi, na phrase yote kwa Kiswahili yenye mama yako anaweza kusikia. Umusomee yeye kwanza. Kama hakusikia, haujamaliza. Wiki ijayo tunakutana hapahapa, kila mutu asome chake, wengine wamukosoe.

Kifungu cha 18 musikichague. Nimekwisha kukichukua.